Kwa Nini Mfereji wa Kirindo Umepinda

Sogeeni karibu. Na wewe mwenye brashi, iweke chini, hayo mavumbi hayaendi popote. Kunywa uji kwanza. Wiki ya tatu sasa mnachimba hapa kwenye kona ya mfereji wetu, na kamba zenu na chekecheke zenu. Mmepata vigae, mmepata mavi ya chuma, mmepata majivu ya kujaza magunia. Jana mwalimu wenu akaniuliza, "Bibi, mbona mfereji unateremka vizuri kutoka juu, ukifika hapa unajikunja namna hii?" Sikumjibu, maana nilikuwa na vyungu motoni, na nikiwa na vyungu motoni sizungumzi na mtu, hata awe nani. Leo nina nafasi. Mimi ni Nanziga, mfinyanzi, binti wa mfinyanzi, na haya nilipewa na mama yangu mikono yetu ikiwa kwenye udongo.

Palikuwa na wakati ambapo maji ya mlima huu hayakujua njia ya kwenda bondeni. Yalitoka msituni, yakashuka kwenye korongo la upande ule, yakaishia kwa nyani. Watu wa juu, hapa Kirindo, walikuwa na chemchemi yao, ndizi zilistawi, magimbi yalinenepa. Watu wa chini, tuliowaita wa Bondeni, walilima mtama na kunde kwa kutegemea mvua peke yake. Na mvua ya huku ina maringo, jamani. Ikitaka inakuja, isipotaka unabaki unatazama mawingu yakienda kwa wengine.

Hapa juu aliishi mtu akiitwa Mshitu, fundi wa mifereji. Hakuwa na hivi vyombo vyenu vya miguu mitatu. Kipimo chake kilikuwa maji yenyewe. Alianzia kule maji yanakotekwa, akachimba hatua ishirini, akayafungulia, akatulia kuyatazama. Yakienda kwa upole, amepatia. Yakikimbia, yatakula kingo. Yakisimama, amekosea, anarudi nyuma kuchimba upya. Kazi aliijua, hakuna aliyembishia. Ila alikuwa na kiburi cha mtu anayejua kazi, na hicho ndicho kibaya zaidi, maana huwezi hata kumcheka.

Mshitu alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, Naetwe. Alikuwa ameolewa huko Bondeni na alikuwa na mtoto mchanga. Mvua zikakosa mwaka wa kwanza, zikakosa na wa pili. Siku moja asubuhi Naetwe akapanda mlima na mwanawe mgongoni, akamkuta baba yake ananoa jembe. Akamwambia ukoo wa mumewe umekaa kikao. Wanahama, wanakwenda kwenye mto mkubwa upande wa nyika, mwendo wa siku kumi na mbili. "Nimekuja kukuaga mapema, baba," akasema, "ili siku yenyewe nisikulilie mbele ya watu." Mshitu aliweka jembe chini akalia. Ndiyo, Mshitu huyo huyo. Alilia mpaka mtoto wa mgongoni naye akaanza.

Kesho yake akashuka kwa mkwe wake, mzee Kiangi, baba wa mume wa Naetwe. Hakuzunguka. Alisema, "Mkwe, nipe miezi miwili nikuletee maji mlangoni." Kiangi alikuwa mtu muungwana, lakini alikuwa na watu arobaini wa kulisha. Akamjibu, "Miezi miwili nakupa, mkwe. Mwezi wa pili ukifa maji hayajafika, nafunga mizigo, na mke wa mwanangu atamfuata mumewe. Usinichukie."

Basi baragumu likapigwa, msaragambo ukaitwa, ile kazi yetu ambayo kijiji kizima hutoka bila kujali nani mkubwa nani mdogo. Wakaja wa juu, wakaja na wa chini. Wanaume walichimba, wanawake walibeba udongo na mawe, na pombe ya miwa haikukosekana. Mfereji ukashuka siku baada ya siku, maji nyuma ya visigino vyao. Ulipofika mwezi na nusu walikuwa wameshafika hapa hapa mlipokaa.

Hapo jembe la mtu mmoja likagonga chungu.

Wakafukua kidogo, wakaona chungu cha pili, kisha mafiga matatu bado yamekaa kama mama aliyeyapanga kaenda kuchota maji. Pembeni jiwe la kusagia, na chini yake majivu, majivu, majivu. Majembe yakaanguka. Mnaelewa kwa nini? Watu wa Kirindo walikuwa wamefundishwa tangu utotoni kwamba babu zao ndio waliokuwa wa kwanza kuwasha moto katika mlima huu. Sasa hili jiko la nani? Wazee wakatazamana. Wengine wakasema twende, hapa pana wenyewe.

Lakini Mshitu alikuwa anahesabu siku. Aliangalia upande wa juu wa pale mahali, akaona ardhi inainuka, na maji hayapandi. Akaangalia upande wa chini, akaona akishuka huko atapoteza kimo, na mbele kuna ule mgongo wa mlima wa kuvuka kabla ya Bondeni. Akasema, "Waliopikia hapa walishakula wakashiba zamani. Piteni katikati." Watu hawakupenda, lakini fundi ndiye yeye. Wakayang'oa mafiga, wakapasua kile kiwanja cha watu katikati, wakafungulia maji.

Maji yalikuja vizuri, yakaingia kwenye ule mpasuo, yakazama. Yote! Yalikuwa yanaingia huku na hayatokei kule. Mnajua wenyewe jinsi jaa la majivu lilivyo, ni laini, lina mashimo ndani yake, halishiki kitu. Wakashindilia udongo mwekundu, maji yakaunywa. Wakatandika magome ya migomba, yakapita chini yake. Siku ya tatu yakatokea mahali pasipo pake, yakamega kingo hatua thelathini. Mwezi ulikuwa umebakiza siku nane. Mshitu alikaa kwenye ukingo uliobomoka, uso umemshuka, na hakuna aliyethubutu kumwambia pole.

Wakati huo alikuwapo mfinyanzi mmoja, mama wa makamo, Namkunda. Msifikiri alikuja kuokoa mfereji. Alikuja kuokota vigae! Sisi vigae vya zamani tunavisaga, unga wake tunauchanganya na udongo mbichi ili chungu kisipasuke motoni. Alisikia kuna vigae vya bure, akachukua kikapu. Akawa anazunguka na kikapu chake, akapanda mpaka ule upande wa juu ambao Mshitu alisema unainuka. Pale ukingo ulipomegeka akaona udongo wa kijivu. Akafanya anachofanya mfinyanzi yeyote akiona udongo asioujua: akachota kidogo akauweka ulimini. Kisha akacheka, akaita.

"Mshitu, hebu njoo. Hili tope limelala majini."

"Mama Namkunda, niache. Leo si siku ya vyungu."

"Udongo wa mlima huu unakwaruza ulimi, una mchanga. Huu haukwaruzi, na umekaa tabaka kwa tabaka. Maji yalipita hapa polepole, mwaka huu na mwaka ule. Na hapa hapana mto. Haya, wewe fundi wa maji, niambie nani aliyaleta."

Mshitu akasimama, akaenda, na mbele ya watu wote akachukua tope akaliweka mdomoni. Kisha akapiga magoti akaanza kuchimba kwa mikono. Hakufika mbali, mkono mmoja tu kwenda chini, akagusa jiwe bapa limesimamishwa ubavu. Akafuata pembeni yake, jiwe la pili. Akaenda ng'ambo, hatua moja, mawe mengine yamesimamishwa vile vile, yakiyatazama ya kwanza. Ulikuwa mfereji. Watu wale waliokula wakashiba walikuwa wamechimba mfereji, tena wameuzungusha upande wa juu wa makazi yao ili maji yasiwaingilie jikoni.

Na ule mwinuko alioukataa Mshitu? Haukuwapo. Jaa la majivu lilikuwa limejaa miaka na miaka mpaka likawa kama kichuguu, na ukisimama upande wake wa chini jicho linakudanganya, unaona ardhi yote inapanda. Ameliangalia jaa la watu akadhani ni mlima. Fundi mzima!

Siku zile zilizobaki walifanya kazi kwa namna ambayo haikuwahi kuonekana. Namkunda alitangulia anaonja udongo, akisema huku, huku, hapana, rudi, huku. Mshitu alimfuata na fimbo, anaweka alama. Nyuma yao majembe. Hawakuwa na haja ya kuchimba mfereji, walizoa tope tu lililokuwa limeujaza. Mawe ya watu wale yaliwapeleka mpaka kwenye ule mgongo wa mlima, yakauvuka mahali ambapo Mshitu mwenyewe alikiri asingepaona. Kutoka hapo mpaka Bondeni palikuwa na mteremko wa kawaida, kazi ya siku moja na nusu.

Siku ya mwisho ya mwezi, jua limeshapanda, kwa mzee Kiangi mizigo ilikuwa uani. Jiwe la kusagia limeviringishwa nyasi, kuku wamefungwa miguu. Naetwe alikuwa amejitwika kikapu na anatazama mlima. Mbwa ndio walioanza kubweka. Kisha maji yakaja, machafu, yana majani na povu, yakapita katikati ya mizigo, yakawafikia kuku wakapiga kelele za kufa mtu. Naetwe akatua kikapu akakaa kwenye maji na nguo zake zote, analia na kucheka. Kiangi akamwangalia Mshitu aliyekuwa anashuka ametapakaa tope mpaka kwenye nyusi. Akasema, "Mkwe, umenichosha bure, sasa nani atafungua mafundo haya yote?" Wakakumbatiana wazee wale, na mimi kila nikifika hapa machozi yananilenga, msinitazame.

Mshitu hakubaki kwenye sherehe. Asubuhi yake alipanda peke yake mpaka hapa. Akaufukia ule mpasuo aliopasua katikati ya kiwanja cha watu, akayarudisha mafiga matatu mahali pake, akafunika. Watu walipomfuata akawaambia, "Nilidhani mimi ndiye wa kwanza. Nimeona aibu, lakini aibu hii inanipendeza." Kisha akachota kata ya kwanza ya maji akaimwaga juu ya lile jaa.

Na tangu siku hiyo mfereji wa Kirindo unajikunja mahali hapa, na hakuna fundi aliyejaribu kuunyoosha. Tangu siku hiyo jembe la mtu wa kwetu likigonga kigae, hata kama anachimba shimo la choo, kazi inasimama mpaka mfinyanzi aje aonje udongo. Vijiji vingine wanatucheka, wanatuita wala udongo. Waache wacheke, mashamba yao tunayaona. Na kila mwaka tukimaliza kuzoa tope la mfereji, kata ya kwanza inamwagwa hapa kabla ya mtu yeyote kunywa.

Yule mtoto wa mgongoni mwa Naetwe ndiye aliyezaa waliotuzaa sisi. Maji yale yangechelewa siku moja, mimi ningekuwa mtu wa nyika, au nisingekuwapo kabisa. Kwa hiyo kila mwaka nikishika ile kata nasema, "Asanteni," kisha nakwama, maana sijui ninamwambia nani. Mama yangu naye alikwama hapo hapo. Nasikia vigae vyenu vinapelekwa mjini kwenye mashine, na mashine inasema ni vya miaka mingapi. Sawa, ipimeni hiyo miaka. Lakini mkibahatika kulipata jina la watu hawa, msilipeleke popote kabla hamjapita kwangu. Nataka niwaite angalau mara moja kabla sijafa.