Utepe Ulioungwa kwa Gundi ya Lebo

Maradhi yanayotajwa na methali ya mficha maradhi si homa wala kifua peke yake. Kosa nalo ni maradhi, na mwenye kulificha hujiona mjanja kwa sababu anatembea na hakuna anayemwona akichechemea. Kipsang alikuwa mjanja wa namna hiyo kwa siku nne tu, mwaka wa 1978, katika kiwanda kimoja cha kutia minji mikebeni mjini Nakuru.

Minji, zile njegere za kijani, ilitoka mashamba ya Mau Narok, ikajazwa mikebeni, kisha mikebe ikapikwa kwa mvuke ndani ya pipa kubwa la chuma ambalo wafanyakazi waliliita Sufuria. Sufuria haikuendeshwa na mtu. Iliendeshwa na sanduku la mitambo lililonunuliwa ng'ambo baada ya wenyewe kulichoka, na betri yake ilikuwa imekufa zamani. Kila umeme ulipokatika, sanduku lilisahau kila kitu kama mlevi asubuhi. Hapo fundi alilirudishia maagizo yake kwa kulisomesha utepe mrefu wa karatasi wenye vitundu: pika dakika arobaini, toa mvuke, fungua komeo la mlango.

Fundi mkuu, Amrit Singh, alikuwa amekwenda Kisumu kumwoza bintiye. Kazi alimwachia Kipsang, msaidizi wake, ambaye bado alikuwa katika miezi ya kujaribiwa. Jumanne saa nne asubuhi mvua ilinyesha, umeme ukakatika, ukarudi. Kipsang akautia utepe kwenye kisomeo kwa pupa. Ukakwama, akauvuta, ukararuka.

Akatazama nyuma, hakuna aliyeona. Kipande cha upana wa kidole gumba kilikuwa kimesagika, akakikata, akaziunga ncha mbili kwa gundi ya kubandikia lebo za mikebe. Vitundu vya kipande kile vilisema nini, hakujua. Odero, nyapara wa zamu, alipomuuliza kama wampigie Singh simu, Kipsang alijibu kwamba hakuna haja.

Sufuria ikaanza kupika, na hofu ikamkalia Kipsang kifuani. Dakika ya thelathini akautazama mlango. Mwenye kazi ya kuvuta mlango alikuwa Cheptanui, jirani yake kule Lanet, mama wa watoto wanne. Kipsang akamdanganya kwamba anaitwa stoo. Akajipongeza moyoni kwamba sasa mlangoni hapana mtu na siri yake iko salama. Swichi ya kuzimia ilikuwa karibu na mkono wake, lakini kuizima kungemlazimu kueleza.

Dakika ya arobaini ikafika. Kipimo cha mvuke kilikuwa upande aliosimama yeye, na mshale wake ulikuwa juu. Ulipaswa kushuka. Haukushuka. Upande wa pili ikawaka taa ya kijani, ishara kwamba komeo limefunguka, na Odero, alipoona pa Cheptanui pako wazi, akachukua mwenyewe ndoano ya kuvutia mlango.

"Mzee, ngoja," Kipsang alisema. Lakini sauti ilitoka ndogo, kama ya mtu anayeota.

Mlango ulifyatuka, mvuke ukamfunika Odero mzima.

Siku ya pili wakubwa wa kiwanda walikwenda hospitalini kumhoji. Kipsang naye alikuwamo wodini, amesimama miguuni pa kitanda na chupa ya maziwa mkononi. Odero alikuwa amefungwa bandeji hadi machoni, na kila neno lilimgharimu pumzi.

"Nilivuta mlango mapema," alisema. "Kosa ni langu. Huyo kijana wa mashine hana makosa, msimfute."

Hapo palikuwa pa kusema. Kipsang alijua hivyo, akaona aibu iliyomchoma hadi masikioni. Lakini akaiweka chupa mezani, akatoka.

Ijumaa Odero akafa. Alipokuwa mgonjwa, maneno yake yalitosha; alipokuwa maiti, serikali ilitaka kila kitu kifunguliwe. Afisa wa kazi alikuja kiwandani siku hiyo hiyo, na Singh, aliyerudi mbio, akautoa utepe mbele ya watu wote. Aliupitisha vidoleni taratibu mpaka akafika kwenye kiungo, pale palipopaswa kuwa na agizo la kutoa mvuke. Akakinusa, akamtazama Kipsang.

Hakumgombeza. Alikwenda kwenye meza yake, akavuta droo, akatoa tepe tatu zilizofungwa kwenye karatasi za unga.

"Hizi ni nakala," alisema. "Nilijua iko siku ile moja itaharibika. Ungepiga simu tu, Kipsang. Ningekuambia vuta droo."

Mkewe Odero, Wilikista, aliyeitwa kuja kusikiliza, alikuwa ameketi kando akiwa na leso ya kilio kichwani. Aliuliza fundi ana maana gani, akaelezwa. Akamgeukia Kipsang.

"Kwa hivyo amekufa akikutetea?"

Hapakuwa tena na kitu cha kuficha. Kifo kilichomvua nguo hakikuwa hata chake. Mficha maradhi, kifo humuumbua.