Haki ya Kunyamaza

Paliondokea Jumbe Makungu, mtu asiyependa kuchekwa. Siku moja akamleta Kidawa mfinyanzi barazani.

"Nani ametunga wimbo wa kunikejeli?"

Kidawa alimjua mtunzi, lakini mwanamke huyo alikuwa shoga yake. "Katiba yetu yanipa haki ya kunyamaza, Jumbe."

"Basi naibadilisha! Atakayeulizwa hapa barazani, lazima ajibu."

"Vyema, bwana. Ila andika 'mtu yeyote', wajanja wasipate upenyo."

Jumbe akacheka, akamwamuru mwandishi wa baraza aongeze maneno hayo, akapiga muhuri. "Haya, jibu!"

"Nitajibu, bwana. Nami nina swali dogo: ng'ombe aliyepotea juzi, wa yule mjane jirani yako, kaliwa na nani?"

Baraza zima likamgeukia Jumbe. Jasho likamtoka.

"Mwandishi," akanong'ona, "hebu irudishe ile haki. Upesi!"