Karani wa Pamba na Swali la Tatu

Ndugu zangu, jambo la leo linahusu vipimo. Naomba tulifuate hatua kwa hatua.

Alikuwako karani wa pamba, mstaafu, ambaye katika miaka yake ya kazi hakuna mkulima aliyeweza kumchezea mizani. Gunia lililonyunyiziwa maji ili liongezeke uzito alilitambua kwa kulishika tu. Uzeeni moyo wake ukadhoofu, ukawa hausukumi damu inavyotakiwa, na maji yakawa yanajaa mwilini. Akapewa vidonge vya kuyapunguza, akapangiwa kliniki kila mwezi.

Muuguzi wa pale hakuishia kwenye mizani. Alikuwa na karatasi ya maswali matatu, kila moja na alama zake, ya kupima jinsi mgonjwa anavyojitunza nyumbani.

"Mzee wangu, unajipima uzito kila asubuhi?"

"Kila asubuhi."

"Na chumvi je?"

"Hata ladha yake nimeisahau."

"Miguu ikivimba, unafanya nini?"

"Sista, miguu yangu haivimbi."

Muuguzi akaacha nafasi tupu kwenye karatasi. "Basi swali hilo siwezi kukupa alama."

Mzee akaona ameonewa. Lakini ukweli ulikuwaje? Mwezi mzima alikula dagaa wa chumvi. Kliniki ilipokaribia, alishindia uji na kumeza vidonge maradufu, ili apande mizani akiwa mwepesi. Siku moja mkewe akamfuma.

"Baba Minza! Wewe uliyewarudisha watu nyumbani na magunia yao mabichi, leo unajianika mwenyewe upite mizani?"

"Nyamaza, mama. Sista atafurahi."

"Sista atafurahi, mimi nitabaki mjane."

Kweli, muuguzi alifurahi, na daktari akapunguza dozi. Kabla ya wiki kwisha, viatu vilikataa kuingia miguuni, na mzee akawa hawezi kulala ila ameketi. Akapiga hesabu yake: nikienda, aibu, nisipoenda, kaburi. Akavaa kandambili, akaenda siku ambayo hakupangiwa.

"Sista, nimefeli. Uzito umepanda. Na kliniki iliyopita nilikudanganya. Nilijikausha kwa vidonge."

Muuguzi akambonyeza mguu, kidole kikaacha shimo. Akamwita daktari upesi. Mzee akachomwa sindano, na kufikia alasiri pumzi ilikuwa imerejea. Ndipo muuguzi akachukua karatasi yake ya maswali.

"Unaniandikia nini, Sista?"

"Alama za swali la tatu. Zote."

"Zote? Na uvimbe huu?"

"Swali halikuuliza kama unavimba, mzee wangu. Liliuliza ukivimba unafanya nini. Umekuja."

Ndugu zangu, sisi je, tunajianika lini? Si Jumamosi jioni? Juma zima tunakula kinyongo na kiburi, kisha tunapiga pasi nguo, tunalainisha sauti, tunaingia humu wepesi kama pamba kavu. Nasi tunapopita mizani kwa hila, ni nani anayepunguziwa dawa?

Mungu anaujua udhaifu wa mioyo yetu; haudai moyo usiowahi kuvimba. Anachopima ni hiki: ulipoona hali imebadilika, ulielekea wapi? Basi aliye mgonjwa zaidi miongoni mwetu asubuhi hii anaweza kuondoka na alama zote, naye asisubiri siku yake ya kupangiwa. Kama viatu vimekubana, ndugu yangu, viache hapo hapo. Njoo na kandambili.