Vinu Vitupu vya Boma la Michongoma

Alikuwako mama mmoja mjane, na kijiji chake kilipakana na boma la bwana mmoja katili. Bwana huyo aliotesha michongoma kuwazunguka watu wake wote, akaziba lango, na kwa miaka saba hakuna aliyeingia wala aliyetoka. Vilivyotoka ni vitisho tu: "Nitawameza, ninyi na ng'ombe wenu!"

Vitisho, na mlio. Kila alasiri, jua likianza kulegea, vinu mia vililia pamoja nyuma ya miiba. Du, du, du. Kisha vikanyamaza vyote kwa mkupuo, kama vina koo moja na limekabwa.

Kijiji kikagawanyika. Mhunzi, ambaye hofu ya watu ilikuwa imemjengea nyumba ya vyumba vinne, akasema: "Vinu mia ni nyumba mia. Nyumba mia zinazokula hazikosi wanaume mia tatu. Njooni mchukue mikuki." Vijana wakasema: "Kelele tu hizo. Angekuwa na nguvu si angeshakuja?" Wakabishana hivyo miaka saba. Na katika miaka hiyo yote, je, kuna aliyeuliza, "Wanatwanga nini?" Hakuna. Wanaume hawakijui kinu, wanaujua ugali.

Yule mjane alikijua kinu. Na mle ndani alikuwa na binti, aliyeolewa mwaka mmoja kabla ya lango kuzibwa. Wanawake wa nyumba yao walitwanga kwa namna yao: mapigo matatu ndani, moja ukingoni. Mama humrithisha binti, na nyumba nyingine hazina pigo hilo. Basi wazee walipotafuta mtu wa kwenda kupeleleza, alisimama mwenyewe.

"Nitakwenda mimi. Ninyi mtahesabu mikuki mrudi. Mimi yupo ninayemtafuta."

Akaenda mchana, akitambaa kwa tumbo kwenye nyasi kavu. Kando ya michongoma walinzi walisimama bega kwa bega, mamia, nyuso zao kijijini. Hakuna aliyekohoa. Hakuna aliyejikuna. Ndege mdogo akatua kwenye kichwa cha mmoja, akachomoa unyasi shingoni mwake, akaruka nao.

Mama akasogea. Walikuwa majani. Majani yaliyoshindiliwa ndani ya nguo za watu: mashati, makanzu, koti lenye kiraka. Na wa saba kutoka langoni alivaa kanga ya maua mekundu, ile aliyomfunga binti yake kiunoni kwa mkono wake siku ya harusi. Akaishika. Ikalia kwaru ndani.

Hakulia. Angelia saa ngapi, na vinu ndiyo kwanza vimeanza?

Kinamama mlio hapa, mnaujua mlio wa kinu chenye mahindi. Ni mzito, unameza. Hivi vilikuwa vikavu, mti kwa mti. Vinu mia, na hakuna hata kimoja chenye punje! Wenye njaa walikuwa wakitwangishwa hewa ili wenye shibe waogope. Na katikati ya mlio ule, upande wa kushoto, akasikia: matatu ndani, moja ukingoni. Lakini jepesi. Mkono mdogo, unaochoka.

"Mama, usinyanyuke."

Aliyesema alikuwa mlinzi wa kumi. Huyu alipepesa macho. Hakuwa na mkuki; alikumbatia chungu.

"Nikikuona natakiwa kupiga kelele," akasema, midomo haichezi.

"Mbona hupigi?"

"Sijakuona bado."

"Nguo hizi ni za nani, mwanangu?"

"Za waliokufa. Hapa hakuna matanga. Bwana hapendi hesabu ya watu wake ipungue."

"Na anayegonga ukingo wa kinu ni nani?"

Akaelekeza kwa midomo ile kanga nyekundu. "Binti wa huyo."

Miaka saba mama amemlilia mmoja, kumbe walikuwa wawili. "Na hicho chungu?"

"Makaa. Mkivamia, nakiangusha miguuni mwa hawa wenzangu. Kiangazi hiki upepo unakwenda kwenu."

"Na ninyi mlio ndani?"

"Sisi tutatangulia." Akaongeza: "Mama, huna chochote cha kula?"

Akamwekea mdomoni kipande cha muhogo. Mlinzi akakitafuna bila kugeuza kichwa.

Mama akarudi, akawaambia wazee: "Vinu ni vitupu. Walinzi ni majani."

Hajamaliza, vijana wakaangua kicheko. "Majani! Tumekesha miaka saba kwa ajili ya majani! Kesho asubuhi tunaingia."

Mhunzi akafoka: "Macho ya bibi huyu yamezeeka!"

"Yamezeeka, lakini yameiona nyumba yako," akasema mama. "Kaeni chini. Nilisema nimemaliza?"

Akanyoosha mkono juu, akachomoa konzi ya nyasi kwenye paa la baraza walilokalia, akaitupa motoni palipochemshiwa uji. Ikawaka fwaa, hadi usawa wa vifua vyao. Kicheko kikakatika.

"Huyo ndiye askari wake," akasema. "Hawezi kurusha mkuki. Anaweza kuwaka."

Kila mtu akainua macho, akatazama paa.

Siku sita walifyeka nyasi kati yao na boma, wakaacha udongo mtupu, hata mhunzi akifua mafyekeo badala ya mikuki. Na kila alasiri mama alibeba kinu chake hadi kwenye udongo ule, akatwanga: matatu ndani, moja ukingoni. Siku ya tano, vinu vya boma viliponyamaza kwa mkupuo, kimoja kilichelewa. Ko. Ukingoni.

Basi, ndugu zangu, sisi tulioketi hapa. Tukisikia redioni habari za mtawala aliyejifungia na watu wake anatishia dunia, si tunafanya yaleyale? Mwoga huzihesabu nguo, akakimbilia kwa mhunzi. Mwenye dharau huyaona majani, akacheka. Wote wawili hawajauliza makaa yako wapi, wala mtoto yuko kwenye kinu gani. Mnadhani Mungu atatuuliza yule bwana alikuwa na mikuki mingapi? Mikuki anaijua. Atatuuliza kama tulimsikia aliyegonga ukingo.

Na wewe uliyetabasamu niliposema majani, ukifika nyumbani inua kwanza macho, uone paa lako limeezekwa kwa kitu gani. Ndipo ucheke.