Paa la Baba na Kitufe cha Kurudisha

Wahenga waliosema kwamba mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe hawakuwa wakiwasema waashi. Ukuta hauna pua ya kutoka damu wala jino la kung'oka. Ukiupiga utabaki umesimama vilevile, na wewe ndiye utakayetafuta bandeji. Waliyemsema ni mtu anayekimwagia hasira zake kitu kisichosikia, na mtu wa namna hiyo alikuwepo katika mji mdogo wa Kalyna, jimbo la Saskatchewan, Kanada. Jina lake Orest Danylko.

Orest alikuwa mchoraji wa majengo ya chuma. Ofisi aliyofanyia kazi na mdogo wake Nadine waliachiwa na baba yao, mzee Metro, na mzee Metro ndiye aliyechora paa la uwanja wa hoki ya barafuni wa mji huo. Majira ya baridi yaliyotangulia, theluji ililielemea paa hilo likapinda, uwanja ukafungwa, watoto wakawa wanapelekwa mji wa jirani kucheza kwenye barafu ya watu. Baraza la mji likawaambia ndugu hao wawili walete michoro ya kulitengeneza kabla ya mkutano wa Machi. Wakishindwa, kazi ingekwenda kwa kampuni ya Regina, mji mkuu wa jimbo.

"Paa la baba haligusi mgeni nikiwa hai," Orest aliapa, na kwa hilo alikuwa mkweli. Hakuna kitu alichokitaka zaidi duniani kuliko kazi ile.

Kabla hajaanza, kompyuta kuukuu ya ofisini ikatoa moshi na kufa. Ikabidi wachague nyingine, na hapo ndipo vita vilipoanza.

"Tutie diski mbili zigawane kazi," Orest alisema. "Mchoro utafunguka kama umeme."

"Na moja ikifa? Utabaki na nusu ya kila boriti," Nadine alimjibu. "Hapana. Kila kinachoandikwa kwenye hii kiandikwe na kwenye ile."

"Yaani ninunue mbili nitumie moja? Wewe ukinunua buti unavaa mguu mmoja?"

"Nikiwa na kaka kama wewe, nanunua jozi mbili kabisa!"

Programu ya kupigia hesabu za mapaa, ile aliyoitumia baba yao, nayo haikukubali mfumo wa kompyuta za sasa. Nadine akapendekeza watumie kompyuta pepe, yaani kompyuta isiyo na mwili, inayoishi ndani ya ile kubwa kama mpangaji, na mfumo wake wa zamani. Orest alipiga meza kikombe kikaruka.

"Kompyuta ndani ya kompyuta! Kesho utaniambia niendeshe gari ndani ya gari!"

Nadine hakungoja amalize kufoka. Ununuzi ulikuwa mikononi mwake, akaagiza alichokitaka yeye. Kusema kweli hapo alikosea, maana mtu mzima haamuliwi mambo yake kama mtoto wa chekechea. Orest alilimeza tusi hilo likamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Siku mashine ilipokuwa tayari, Nadine aliitunza kompyuta pepe katika hali yake ya siku hiyo, kama mtu anayepiga picha, kisha akamwita kaka yake.

"Ikivurugika, bonyeza hapa palipoandikwa Rudisha. Itarudi kama ilivyo leo. Lakini kaka, nisikilize vizuri. Itasahau kila kitu kilichofanywa humo ndani baada ya leo. Kwa hiyo michoro usiihifadhi humo. Weka kwenye folda ya nje, kila Ijumaa mashine itainakili yenyewe kwenye diski ya pembeni."

"Umemaliza, mwalimu?"

"Nimemaliza."

"Asante, mwalimu."

Michoro yote akaihifadhi ndani. Hakusahau. Angekuwa amesahau tungemhurumia. Alifanya makusudi, kwa sababu kila alipoiona folda ya nje aliusikia mdomo wa Nadine ukimwelekeza pa kuvulia viatu.

Ila kazi aliijua, asinyimwe haki yake. Wiki kwa wiki alilichora paa boriti kwa boriti, akaikaza mihimili pale baba yake alipoiacha miembamba, na mara nyingine alijikuta akipiga mluzi. Ilipofika Ijumaa ya mwisho kabla ya mkutano, zilibaki pembe chache tu.

Asubuhi hiyo alichomeka waya wa kupashia gari joto ili injini isigande kwa baridi, akaingia na kahawa yake, akawasha skrini. Damu ikampanda kichwani. Maandishi yalikuwa makubwa mno, vitufe vimehama mahali pake, nusu ya mchoro imesukumwa nje ya skrini. Nadine alikuwa uwanjani akipima nguzo. Orest akampigia simu.

"Nani kagusa skrini yangu?"

"Mimi, jana jioni. Nilikuza maandishi kidogo ili…"

"Sikukuuliza ili nini! Umenunua bila kuniuliza, umepanga bila kuniuliza, sasa unaingia mpaka kwenye kazi yangu! Mimi nani humu ndani, mfagizi?"

"Orest, punguza sauti, niko na watu. Nakuja sasa hivi nikuwekee sawa."

"Usije! Nairudisha mwenyewe ilivyokuwa."

Nadine akashusha sauti. "Kaka, usiguse. Michoro umeiweka wapi? Iko nje?"

Hapo ndipo angeweza kupona. Neno moja tu lilitosha, aseme iko ndani, achekwe au atukanwe, na paa lipone. Lakini kumtamkia Nadine neno hilo kulikuwa kuchungu kuliko shubiri.

"Iko ninapotaka mimi iwe!" alifoka, akakata simu.

Kompyuta ilimwonya kwa maandishi mekundu, ikamuuliza kama ana hakika. Yeye hakuona maandishi, alimwona Nadine. Akabonyeza Ndiyo kwa nguvu za kuulia nzi.

Skrini ikarudi kama alivyoizoea, kila kitufe mahali pake. Orest akacheka kicheko cha ushindi, akaenda kufungua paa. Paa halikuwepo. Akatafuta tena, akatafuta kwa jina, kwa tarehe, jasho likimtoka shingoni. Kompyuta pepe haikujua lolote kuhusu uwanja wa hoki.

Nadine aliingia na theluji kwenye buti. Alimkuta kaka yake amepiga magoti, anakifungua kifuniko cha mashine.

"Diski ya pili! Si ulisema kila kitu kiko mara mbili? Nitolee ya pili!"

"Ya pili imefuta pale pale ulipofuta ya kwanza! Kazi yake ni kufuatisha. Inakukinga diski ikifa, haikukingi wewe na nafsi yako!" Akafungua diski ya pembeni, kisha folda yenye jina la Orest. Ilikuwa tupu kama siku ilipoundwa. "Mungu wangu, Orest. Hata mstari mmoja?"

"Usingegusa skrini yangu!"

"Nimegusa kwa sababu huoni!" Nadine alipiga kelele, machozi ya hasira yakimtoka. "Jumanne, kwenye karatasi ya vipimo, ulisoma tatu ukaandika nane. Nikasahihisha kimya kimya usiaibike mbele ya watu. Nikakukuzia maandishi kwa sababu wewe kwenda kupima macho hutaki! Paa la baba, Orest! Paa la baba!"

Orest akakirudisha kifuniko cha mashine mahali pake.

Jumatatu walifika mbele ya baraza na karatasi chache walizozichora upya mwisho wa juma. Mwenyekiti, bibi Phyllis Wasylyk, alizipindua mara moja.

"Nyingine ziko wapi?"

"Mashine ile…" Orest alianza. Nadine alikuwa akitazama dirishani. "Nimezifuta mimi," akasema.

"Baba yako alinifundisha kuteleza kwenye barafu ile," bibi Phyllis alisema. "Lakini wajukuu wangu kila Jumamosi wako barabarani kwenye tufani ya theluji. Siwezi kukungoja, Orest. Regina wako tayari."

Mikono ikainuliwa, kazi ikaenda.

Kesho yake Orest aliingia ofisini peke yake, maana Nadine hakuja wala hakupokea simu. Akaiwasha ile mashine. Ikawaka upesi, haina mkwaruzo, haina kinyongo, diski zote mbili zikivuma vizuri kabisa, ikamfungulia ukurasa mweupe na kumngoja achore. Hakuwa tena na cha kuchora. Kweli, mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe.