Neno la Siri Kiganjani mwa Kabula

Hapo zamani, tena si zamani sana maana kompyuta ilikuwapo, wafuga nyuki wa Ilolanguru walikuwa na mashine moja. Moja tu, ya watu wote. Msicheke, kwani nyie kwenu mnazo ngapi?

Kulwa, mpima asali, aliwahi kuingiza humo michezo ya karata. Michezo ikaja na virusi, majina ya wanachama yakapotea yote. Mzee Luhende, katibu, alikasirika hasa. Akaipa mashine milango miwili: mmoja wake, mmoja wa wengine wote. Kwenye mlango wa wengine unaandika barua, unachapa, basi. Mipangilio, umefungiwa. Kuingiza programu, umefungiwa. Intaneti, umefungiwa. Ukitaka kutuma kitu, msubiri mzee. Neno la siri analo peke yake.

Peke yake? Ngojeni kwanza. Milembe, mchapaji wake, siku moja aliliona mzee akiliandika. Mzee akamwapisha hapo hapo: asilitumie, asilitamke. Milembe akaapa.

Sasa Kabula. Kabula, binti wa hapo hapo, alitaka kusomea uuguzi. Vyeti vyake vilicheleweshwa, vikafika asubuhi ya siku ya mwisho, na maombi, ya intaneti tu, yalifungwa saa kumi alasiri. Chuo alichokitaka hakikupokea aliyezidi miaka ishirini na mitano, naye mwezi uliofuata alikuwa anaitimiza ishirini na sita. Kwa hiyo ni leo au basi.

Akaingia ofisini mbio. Mzee hayupo, yuko msibani, anachimba kaburi. Na kwao wachimbaji huacha simu zao kapuni nyumbani kwa wafiwa mpaka udongo uishe. Ndiyo desturi, hata uwe nani.

"Dada Milembe, nisaidie."

"Mdogo wangu, mlango umefungwa. Mwenyewe yuko makaburini."

Milembe alisema hivyo, na neno analo mdomoni. Kabula akatoka mbio, kilomita sita kwa miguu. Wanawake hawasogei kaburini, akasimama mbali, akasubiri. Udongo ulipoisha, Mzee Luhende alimfuata. Alipoelezwa, hakubisha hata kidogo. Akatoa kalamu, akamwandikia neno kiganjani.

"Kimbia, mwanangu."

Huku ofisini Kulwa alikuwa amefika, akasikia habari, akamhurumia Kabula. Akasema atabahatisha. Akajaribu jina la mke wa mzee, ikakataa. Akajaribu jina la fahali wa mzee, ikakataa. Akajaribu tena na tena, Milembe anamtazama, kimya. Mara ya kumi mashine ikajifunga yenyewe: rudi baada ya nusu saa.

Kabula akaingia saa kumi kasoro dakika kumi. Jasho, vumbi, kiganja juu. Neno lilikuwa sahihi herufi kwa herufi, na mashine haikulitaka. Saa kumi ikapita wote wakiitazama. Kabula alilia, na mimi simlaumu.

Mzee akafika, lawama zikaanza.

"Nilifunga ili mali ya wote isipotee," alisema Luhende. "Na nilipoombwa, nilitoa. Kosa langu ni kuzika jirani?"

"Ni kutomwachia mtu yeyote ruhusa, mzee wangu," alisema Milembe. "Mimi nimelijua neno tangu mwaka jana. Ulinifunga kwa kiapo, nikakishika. Ningekivunja, leo mngeniita mwizi."

"Mimi nilijaribu!" alisema Kulwa. "Wewe ulijua ukakaa unaniangalia!"

"Na nani aliyefanya mashine ifungwe, Kulwa, kama si karata zako?" alijibu Milembe.

Kabula akajifuta uso kwa mkono usio na wino.

"Wazazi wangu, ndugu zangu, nyamazeni. Mama ameshanishonea gauni jeupe, limetundikwa mlangoni. Mimi sina mdomo wa kumwambia. Naomba mmoja wenu aende. Mmoja tu, maana mkienda watatu mtagombana mbele yake."

Kila mmoja alijua kwamba atakayepiga hodi, mama atamkumbuka maisha yake yote kuwa ndiye aliyemharibia bintiye.

Haya, nyie mliokuwa mnacheka. Yule aliyefunga, yule aliyenyamaza, yule aliyebahatisha. Mama amekaa ndani anasubiri. Je, nani aende kupiga hodi?