Siku Nyati Aliponawa Kwato

Nyie mliokaa, mpo?
Tupo.
Masikio mmekuja nayo?
Tumekuja nayo.
Basi yategeni, kisa hiki hapa kinapita.

Siku ya soko, jua likiwa bado halijachomoza, Nyati alifika kwenye lango la shamba la nyanya la Bi Kinyonga. Alikuja kula, na hakuficha.

"Fungua, wewe kijiti," alisema. "Nitaanza mstari wa kwanza, nimalize na wa mwisho."

Bi Kinyonga alikuwa juu ya nguzo ya lango. Msimu uliopita mnyauko uliingia shambani mwake, mimea ikalala chini ikiwa bado ya kijani, asivune kitu. Miche ya msimu huu alipewa na majirani, bure, akaipanda kwenye udongo ambao haukuugua, na Mama Tumbili alimchotea maji mpaka ikashika. Sasa nyanya zimeiva. Mama Tumbili na wanawe walikuwa upande wa pili wa shamba, wakichuma na kujaza matenga. Nyati akiingia sasa hivi, hakuna kitakachofika sokoni, na Bi Kinyonga hatakuwa na uso wa kuwaomba majirani miche mingine.

Aligeuza jicho moja, akatazama kwato za Nyati. Zilijaa tope jekundu.

"Mkubwa, umetokea wapi?"

"Bonde la chini. Nyanya za kule zimenyauka zote. Nimekuta vijiti."

"Kabla hazijanyauka, nani alipita?"

"Mimi. Nilikuwa nakula."

"Na kabla ya kwenda kule ulikuwa wapi?"

"Hapa kwako," alisema Nyati. "Umesahau?"

"Sijasahau, mkubwa," alisema Bi Kinyonga. " Ugonjwa ule hukaa kwenye udongo, na udongo hukaa kwenye kwato. Ukiingia hivyo utashiba leo. Msimu ujao utakula vijiti."

Nyati alifikiri. Alizitaka nyanya za leo, na za msimu ujao alizitaka.

"Nifanye nini?"

"Nawa, kama kila anayeingia hapa."

Mbele ya lango palikuwa na karai la maji ya dawa. Wachumaji wote walikanyaga humo kabla ya kuingia. Lilikuwa karai la miguu ya tumbili. Ukwato wa Nyati ulienea mmoja tu, tena kwa kubanana.

Chubwi, akatia mguu. Kwaru kwaru, akasugua. Pwata, akakanyaga chini. Chubwi, akatia wa pili. Kwaru kwaru. Pwata. Wa tatu na wa nne vilevile. Maji yakamwagika, chini pakawa tope.

"Nikague?" aliuliza Bi Kinyonga.

Akashuka kwenye nguzo. Hatua moja, akayumba. Hatua nyingine, akayumba. Jicho moja lilikuwa kwenye kwato. La pili lilikuwa kwenye matenga.

"Wa mwisho umetakata, mkubwa. Wa kwanza una tope."

"Nimeuosha."

"Nilikuona, na ahsante. Lakini una tope."

Chubwi. Kwaru kwaru. Pwata.

"Wa kwanza umetakata. Wa pili una tope."

"Mbona unakagua polepole hivyo?"

"Ni heshima, mkubwa. Mguu kama huu haukaguliwi mbio."

Nyati alipenda jibu hilo. Chubwi. Kwaru kwaru. Pwata.

Jua likatoka. Ng'ambo ya shamba Mama Tumbili alipiga mluzi, fyuuu. Tenga la mwisho lilikuwa mgongoni mwa Punda, njiani kwenda sokoni. Bi Kinyonga akatandaza nyasi kavu kando ya karai.

"Kanyaga hapa kila ukimaliza mguu."

Nyati alinawa, akakanyaga nyasi, akatakata miguu yote. "Hizi nyasi mbona hukuzitandaza mwanzo?"

"Mwanzo ulikuwa na haraka, mkubwa. Karibu ndani."

Ndani palikuwa na mashina ya kijani, na mwisho wa mstari palikuwa na lundo la nyanya zenye matundu. Wachumaji walizitenga ili zikazikwe, maana kila moja ilikuwa na kiwavi ndani.

"Hizi ni zako peke yako," alisema Bi Kinyonga.

Nyam, nyam. Nyati akaacha kutafuna. "Zina kitu ndani."

"Zina. Zilizokwenda sokoni hazina."

"Kumbe wateja wanapunjwa," alisema Nyati, akamaliza lundo lote pamoja na viwavi wake.

"Ahsante sana, mkubwa," alisema Bi Kinyonga, na alishukuru kwa moyo. Hakuwa na shimo la kuchimba tena.

Nyati alipoondoka, Mama Tumbili alikuja. "Shoga, umemdanganya yule?"

"Nimemwambia kweli tupu. Nilichelewesha tu." Bi Kinyonga akamshika mkono. "Bila maji yako, shoga, nisingekuwa na cha kumcheleweshea."

Kisa kimefika mlangoni kwao, nami nakiacha hapo. Funzo lake, watoto: msinawe miguu, mkinawa chakula kitawapita.

Nyati hakulisikia funzo hili. Msimu uliofuata alionekana langoni asubuhi ya kuvuna, mguu mmoja ukiwa ndani ya karai. Nyanya zilikuwa nzima.